Kama Ningalijua



Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume. Twaisikia nyumbani mtoto anapovunja sahani aliyokatazwa kuigusa, na twaisikia shuleni mwanafunzi anapoanguka mtihani baada ya kupuuza vitabu vyake mwaka mzima. Ni methali ya haki, kwa kuwa yamhusu mtu aliyeonywa akakataa kusikia. Lakini tangu mwaka 2025, huku Makomeno, tumeisikia ikitamkwa mahali pasipo pake, yaani mbele ya watu waliokimbia vita. Lililo gumu zaidi ni kwamba mara nyingi wanaoitamka ni wao wenyewe, kila mmoja kwa maneno yake. "Kama ningalijua." "Kama tungaliondoka mapema." "Kama nisingalimtuma kisimani asubuhi ile." Hapo methali imeacha kuwa onyo na imekuwa hukumu. Aliyehukumiwa hakupewa nafasi ya kujitetea, kwa sababu hakimu na mshtakiwa ni mtu mmoja.

Tungependa tafakari ya mwezi huu ikae juu ya hukumu ya namna hiyo: inatoka wapi, kwa nini inauzuia moyo usipone, na ni kazi gani inayofanyika pale inapochunguzwa upya. Tumeisoma habari hii kadiri tulivyoweza, na tumeisikia kwa karibu kutoka kwa mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu kuyaandika yake mradi tusimtaje jina.

Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Baadhi ya waliotoka Bukavu walishuka hadi Uvira, wakasafiri kwa mashua katika Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, na wachache wakaendelea na safari ndefu hadi Lubumbashi, kwa jamaa zao. Mwenzetu ni mmojawapo. Ana miaka 19, anaimba sauti ya besi katika kwaya, na kwa miezi kadhaa alikuwa akija mazoezini na macho mekundu, akisema ni vumbi.

Siku moja alieleza. Alhamisi ya tarehe 13 Februari mama yake alitaka waondoke Bukavu. Yeye, akiwa mkubwa wa watoto na baba akiwa hayupo, alishauri wangoje siku mbili, kwa kuwa mjomba alikuwa ameahidi gari. Jumamosi, mji ulipokuwa ukiporwa na risasi zikilia ovyo, risasi moja ilimpata mdogo wake wa miaka 12 penye mlango wa nyumba. "Mimi ndimi niliyesema tungoje," alisema, "kwa hiyo mimi ndimi niliyemwua."

Tuitazame sentensi hiyo, maana ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kweli: alisema wangoje. Ya pili ni hitimisho alilolitoa katika ile ya kwanza, na hitimisho hilo ndilo lililomnyima usingizi. Watu wenye mapenzi mema walikuwa wamekwisha kumpa majibu mengi. Mmoja alimwambia ni mapenzi ya Mungu. Akazidi kujiona kwamba Mungu naye amemwadhibu. Mwingine alimwambia asahau. Lakini nani asahauye mdogo wake? Hata jibu lililo sahihi, "si kosa lako", lilimgonga na kurudi kama mpira ukutani, kwa sababu aliliona ni adabu ya mjini, neno la kumfariji mfiwa. Alishukuru kila mara, kisha akarudi nyumbani na wazo lake lile lile.

Wataalamu huita kiwewe lile jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Dalili zake ni ndoto mbaya, kushtuka kwa mlio mdogo, kukwepa kila kinachokumbusha, hasira isiyo na mwenyewe, na kujiona mtu asiyefaa kitu. Wanatuambia pia jambo la kutia moyo, ambalo halisemwi vya kutosha: kwamba wengi wanaopatwa na msiba wa namna hii hupata nafuu polepole bila tiba maalumu, wakiwa na watu wa kuwasikiliza, mahali pa kulala na chakula mezani. Ndiyo kusema mwili na moyo vina nguvu yao ya kupona, kama mfupa uliovunjika unavyojiunga ukitulizwa. Kwa wale wasiopona, mara nyingi kuna kitu kilichoziba njia.

Patricia Resick, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa akiwatibu wanawake waliobakwa, alianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuunda tiba inayokitafuta kizuizi hicho katika fikra. Aliona kwamba mtu aliyejeruhiwa hulazimika kujieleza kwa nini jambo lile lilimpata, na maelezo anayoyapata katika saa ya hofu huweza kuwa na kasoro, kisha yakaganda. Sisi tutayaita fikra zilizokwama. Mmeona lori likikwama katika tope la barabara ya Mitwaba wakati wa mvua: injini inaunguruma, magurudumu yanazunguka, na kadiri yanavyozunguka ndivyo yanavyochimba shimo. Mtu mwenye fikra iliyokwama hakosi kufikiri. Anafikiri usiku kucha, lakini palepale.

Kwa nini moyo uchague kujilaumu, hali kumlaumu mwenye bunduki kungekuwa rahisi zaidi? Hapa tumetafakari sana, na tunaona maelezo ya wataalamu yana ukweli unaouma. Tumelelewa tukiamini kwamba atendaye mema hupata mema, na kwamba mwenye busara huepuka shari. Risasi inayopita mlangoni na kumchukua mtoto inaivunja imani hiyo. Basi moyo una njia mbili. Ama ukubali kwamba yako mambo ambayo hakuna busara ya kijana wa miaka 19 iwezayo kuyazuia, na hilo latisha, ama useme, "La, dunia ina mpangilio, ila mimi ndimi niliyekosea." Njia ya pili inauma, lakini inampa mtu kitu cha kushika, kwa kuwa aliyekosea angaliweza kutokosea. Wengi huona afadhali kuwa na hatia kuliko kuwa wanyonge.

Kisha fikra hiyo huzaa matendo yanayoilinda. Aliyejihukumu kuwa mwuaji huona aibu, na mwenye aibu hukwepa watu. Akikwepa watu hapati wa kumwuliza, "Umejuaje?" Hivyo fikra haipimwi kamwe. Miezi inapita nayo inazidi kuonekana kuwa kweli, kwa sababu tu imekaa muda mrefu.

Mtu aweza kuuliza kama tiba iliyozaliwa katika kliniki za Marekani ina kazi yoyote vijijini kwetu, ambako vita havijaisha na wengi hawakusoma. Swali hilo lilijibiwa huku huku Kongo, katika vijiji vya Kivu, na jibu lilichapishwa Juni 2013 katika jarida la tiba la New England. Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake, pamoja na shirika la International Rescue Committee, walivifuata vijiji 15 vilivyokuwa na wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipata tiba hii ya kuchunguza fikra. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa kusikilizwa na kushauriwa mmoja mmoja. Waliotoa tiba walikuwa wanawake wa Kongo wenye elimu ya angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, si madaktari, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Kila mgonjwa alianza na kikao kimoja cha peke yake, kisha vikao 11 katika kikundi cha wanawake sita hadi wanane. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, karatasi za mazoezi zilizotumika Marekani zilirahisishwa, nao wakayakariri maswali yake.

Miezi sita baada ya tiba kwisha, kati ya wanawake wa vikundi vile ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili za kuonyesha sonona au wasiwasi uliokithiri. Kwa wale waliosikilizwa mmoja mmoja ilikuwa asilimia 42, na dalili za kiwewe zilifuata mwelekeo uo huo. Tuseme pia, kwa haki, kwamba hata hao wa kundi la pili walikuwa wamepata nafuu kuliko walivyoanza. Kusikilizwa kunaponya kiasi. Lakini kusikilizwa pamoja na kuichunguza fikra iliyokwama kuliponya zaidi, tena katika maeneo ambayo hatari ilikuwa haijaondoka. Tunaona fahari fulani, na tusionee haya kusema hivyo, kwamba ushahidi huu ulitolewa na akina mama wa Kivu, ambao habari zao ulimwengu huzipokea kila siku kama habari za watu wa kuhurumiwa tu.

Je, ni kweli kwamba kubadilika kwa fikra ndiko kunakoleta kupona, au ni kinyume chake, kwamba mtu akishapata nafuu ndipo anapofikiri vizuri? Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa kupima fikra na dalili kila baada ya muda katika tiba, waone kipi kinatangulia. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wanajeshi wa zamani wa Marekani, waliokuwa wakipata tiba hii ya Resick, ulionyesha kwamba kujilaumu na kujidharau kulipungua kwanza, na kupungua kwa dalili za kiwewe kukafuata. Hilo laelekea kuonyesha kwamba fikra ni mlango wa kweli, ingawa si mlango pekee. Ziko tiba ambazo hazijadiliani na fikra moja kwa moja. Kambini Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walisaidiwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo kuisimulia safari yote ya maisha yao, wakianzia kuzaliwa. Katika tiba hiyo kamba hutandazwa chini, maua yakawekwa mahali pa furaha na mawe mahali pa msiba. Nao walipata nafuu, na yaelekea kwamba mtu anapolisimulia tukio polepole, kwa mpangilio wake, fikra yake nayo huhama yenyewe, kwa kuwa sasa analiona jiwe likiwa mahali pake kwenye kamba, na kamba ikiendelea mbele yake.

Turudi kwa mwenzetu. Kwa msaada wa shangazi yake alimpata mshauri katika kituo kimoja cha afya, mama mwenye sauti ya chini ambaye, kwa maneno yake kijana, "hakuniambia kitu, aliniuliza tu". Hakumwambia kwamba si kosa lake. Alimwuliza: Alhamisi ile ulijua nini? Akajibu kwamba alijua waasi wako karibu. Karibu wapi? Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa haujachukuliwa. Ulichukuliwa kesho yake, Ijumaa. Siku ile maduka mangapi yalikuwa wazi mtaani kwenu? Mengi. Walioondoka Alhamisi walisafiri salama? Baadhi ndiyo, lakini familia ya jirani iliporwa njiani, na yeye alizisikia habari zao kabla ya kulala. Kwa nini ulitaka gari? Kwa sababu bibi hakuweza kutembea. Ulisema tungoje ili nini kitokee? Hapo alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amesema wangoje ili wote wafike salama, na yule mdogo wake akiwamo.

Kikao hicho, alituambia, hakikumpa furaha. Kilimpa kilio ambacho hakikuwa kimetoka tangu Februari. Kwa maana fikra ya hatia ilipoanza kulegea, ilionekana iliyokuwa nyuma yake, nayo ilikuwa huzuni tupu ya kumpoteza mtoto aliyependa kuiga sauti za watangazaji wa mpira. Tunalisisitiza hili kwa sababu wako wanaodhani kubadilisha mawazo ni kujilazimisha kuona mazuri, kutabasamu na kusema yote yatakuwa sawa. Kazi tunayoieleza haifanani kabisa na hiyo. Ni kazi ya kutafuta ukweli, na ukweli wakati mwingine hulia.

Sisi tuliopita katika katekisimu tunayo lugha yetu ya jambo hili, na tunashangaa kwamba hatuitumii. Tulifundishwa kwamba ili dhambi iwe ya mauti, mambo matatu lazima yawepo pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ujuzi kamili, na atende kwa ridhaa kamili. Tuliyakariri kabla ya Kipaimara, wengine tukihesabu kwa vidole. Basi tazameni maswali ya yule mama mshauri. Ulijua nini? Ulitaka nini? Ulikuwa na njia gani nyingine mbele yako? Hakuwa akifundisha dini, wala hatujui anasali wapi, lakini alikuwa akiuliza juu ya ujuzi na juu ya ridhaa. Mwenzetu alijihukumu kwa uzito wa jambo peke yake. Kifo cha mtoto ni kizito mno, kwa hiyo akaona kosa lake ni zito mno. Kipimo cha pili na cha tatu hakuvigusa. Tena ujuzi aliojidai kuwa nao siku ya Alhamisi ni ujuzi alioupata Jumamosi. Aliurudisha nyuma siku mbili, akamvika nao yule kijana wa Alhamisi, kisha akamhukumu kwa kuuvaa.

Tumesikia pia ya watu wanaoliungama jambo la namna hii mara tano, mara kumi, na kila mara wanatoka kitubioni na mzigo uleule. Labda ni kwa sababu maondoleo hutolewa kwa dhambi, na lile halikuwa dhambi bali msiba. Hapo padri anayemwambia muungamaji kwa upole, "Mwanangu, tuangalie kwanza kama ulitenda kosa," amefanya kazi kubwa.

Rafiki za Ayubu nao walikuwa na fikra iliyokwama, wala hawakuwa watu wabaya. Walikaa naye chini siku saba bila neno, na laiti wangaliendelea hivyo. Walipofungua vinywa walishikilia jambo moja: mateso haya lazima yana kosa lake, litafute. Na katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wanapomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Swali la wanafunzi bado laulizwa katika misiba yetu ya Lubumbashi, tena kwa sauti kubwa, na mara nyingine hupewa jibu lenye jina la bibi kizee wa jirani au la mtoto aitwaye mchawi. Hiyo nayo ni fikra inayotafuta mpangilio baada ya pigo, ila sasa jiwe limerushwa kwa mwingine.

Isieleweke kwamba kila wazo la uchungu ni la uongo. Katika vile vijiji vya Kivu, mwanamke aliyesema "kwenda shambani ni hatari" alisema kweli, na mshauri aliyejaribu kumwondolea wazo hilo angalimpeleka kwenye madhara. Penye ukweli wa namna hiyo, kazi ni kuupima ukubwa wake. Je, kila njia ni hatari sawasawa, kila saa, hata tukienda wengi? "Hakuna mwanamume wa kuaminiwa" ni wazo lililotokana na jambo la kweli, likavimba hadi kumfunika kaka, baba na mtoto wa kiume anayenyonya. Kulipunguza lirudi kwenye kimo chake ni tofauti na kulikana.

Wako pia wale ambao mikono yao ilitenda. Mjini Beni, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wavulana 50 wa miaka 13 hadi 17, wakiwamo waliokuwa askari watoto, walipewa nafasi ya tiba ya kikundi yenye vikao 15. Walijifunza kuutuliza mwili, kusimulia yaliyowapata, na kuyachunguza mawazo yao. Waliotangulia kupata tiba walipungukiwa sana na dalili za kiwewe kuliko waliokuwa wakingoja zamu yao. Wasichana 52 waliokuwa wamenyanyaswa kingono walisaidiwa kwa njia kama hiyo, nao wakapata nafuu. Tunafikiri hasa juu ya mvulana aliyeua kwa amri. Kwake huwezi kusema tu kwamba hakufanya kitu. Lakini waweza kumwuliza alikuwa na miaka mingapi, nani alishika silaha nyuma yake, na nini kilimpata aliyekataa kabla yake. Na sentensi "mimi ni mbaya milele" yaweza kukatwa neno moja moja, kuanzia lile la mwisho.

Hapa petu, ndugu zetu, tunazo fikra zilizokwama zenye umri mkubwa kuliko sisi. Wazazi wetu waliona mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa Katanga, wakilala kwa majuma na miezi penye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa, na wengi wakifa hapo na njiani. Waliofukuzwa na waliobaki walilea watoto. Watoto hao ni sisi, na baadhi yetu tulipewa pamoja na bukari sentensi hii: "Watu wale usiwaamini." Aliyeitamka mara ya kwanza huenda alikuwa na sababu, alipoteza nyumba, au alipoteza baba. Lakini sisi tuliipokea bila tukio lake, kama mtu aliyerithi kovu la mwili ambao si wake. Katika kikundi chetu wamo wa pande zote mbili, na kuna vicheko vinavyokatika ghafla jina fulani la ukoo linapotajwa. Tunadhani maswali ya yule mama mshauri yanafaa hapo pia, nayo ni mazito kuliko tunavyopenda: Unajua nini? Ulikijuaje? Wote? Tumeyajaribu mara moja, jioni moja umeme ulipokatika na hakuna aliyeona uso wa mwenziwe, na mazungumzo yalifika mbali kuliko yalivyowahi kufika taa zikiwaka.

Mtatuuliza kama vijana wa parokia waweze kuifanya tiba hii. Jibu ni hapana. Wale wanawake wa Kivu hawakuwa madaktari, lakini walifundishwa na walisimamiwa, na walijua la kufanya mtu anapozimia katikati ya simulizi au anaposema hataki kuishi. Anayemkaba mwenziwe kwa maswali juu ya siku aliyobakwa, kwa kuwa tu alisoma ukurasa kama huu, anaweza kumjeruhi upya. Kijana wetu hakuulizwa na kikundi aeleze Bukavu. Alikaa nasi akiimba, akala nasi sombe, akabeba viti, na siku aliyotaka alieleza. Kilichokuwa mikononi mwetu ni kutomsukumia hitimisho lolote, la kumhukumu wala la kumharakisha.

Bado halali vizuri kila usiku. Februari ilipokaribia tena alikosa mazoezi majuma mawili, akarudi. Sasa anasema, "Nilisema tungoje," na sentensi inaishia hapo, wakati mwingine kwa sauti inayotetemeka.

Kwa anayehitaji msaada, katika mji wetu kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Daktari Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Wengi huogopa kuonekana mlangoni pale, wakidhani ni mahali pa vichaa tu. Hata mtu aliyeshindwa kulala kwa sababu ya kumbukumbu anaweza kubisha hodi. Anayeanza kusema kwamba ni heri afe asiachwe peke yake hata saa moja, wala siri yake isitunzwe kwa gharama ya uhai wake. Na yeyote katika kikundi anayetaka kusindikizwa amwambie kiongozi wake baada ya Misa. Tutaondoka wawili au watatu, kwa miguu au kwa basi, na njiani hataulizwa lolote.